Mfalme Alichoma Gombo, Neno Likabaki

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba kila mwenye Biblia, iwe ya karatasi au ya kwenye simu, afungue Yeremia 36 na tukae hapo kidogo, manake hii sura ukiielewa utakuwa umeshapata sehemu kubwa ya kile ninachotaka kusema leo.

Ni mwezi wa tisa kwa hesabu ya Kiyahudi, kipindi cha baridi, mfalme Yehoyakimu wa Yuda amekaa kwenye nyumba yake ya wakati wa baridi na makaa yanawaka mbele yake. Kuna gombo limeletwa. Yeremia mwenyewe hayupo, amezuiliwa asiingie nyumba ya Bwana, kwa hiyo alimtamkia Baruku mwandishi wake na Baruku akaandika kwa wino neno kwa neno, likasomwa hekaluni mbele ya watu, likasomwa tena mbele ya wakuu, wakuu wakaogopa wakamwambia Baruku nendeni mkajifiche wewe na Yeremia mtu yeyote asijue mlipo, na sasa ndo limefika kwa mfalme. Yehudi, mmoja wa watumishi wa mfalme, anasoma. Akimaliza safu tatu nne hivi mfalme anachukua kisu cha mwandishi, kile cha kuchongea kalamu, anakata kipande kilichosomwa na kukitupa kwenye moto. Yehudi anaendelea kusoma. Mfalme anakata tena. Hivyo hivyo mpaka gombo lote likaisha.

Sasa angalieni vizuri huyu mtu. Hakukataa kusikiliza! Alikaa pale ibada nzima kama tunavyokaa sisi, akasikia kila neno, na kila alichosikia akakikata. Watu watatu walimsihi asichome, Elnathani, Delaya na Gemaria, hakuwasikiliza. Na mstari wa 24 unasema jambo ambalo mimi likinipita nasikia uzito, kwamba mfalme na watumishi wake hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao. Kwa nini Biblia itaje mavazi? Kwa sababu baba yake Yehoyakimu ni Yosia. Rudini 2 Wafalme 22, kitabu cha torati kilipopatikana hekaluni na Shafani mwandishi akakisoma mbele ya mfalme Yosia, Yosia aliposikia tu alirarua mavazi yake. Baba alirarua nguo, mtoto akararua gombo. Na yule Gemaria anayesihi pale anaitwa mwana wa Shafani. Yaani kuna nyumba mbili pale ndani, moja imerithi kuogopa Neno na nyingine imerithi kiti cha enzi peke yake.

Alafu nini kikatokea? Mungu hakushtuka. Alimwambia Yeremia chukua gombo lingine, andika maneno yale yale ya kwanza. Na mstari wa mwisho wa sura unasema Baruku akaandika yote yaliyokuwa kwenye gombo lililochomwa, tena yakaongezwa maneno mengi ya namna ile ile. Mfalme alitaka lipungue, likarudi refu zaidi.

Ila hiyo siyo mwisho wa habari, na hapa ndo naomba mnisikilize. Gombo liliamriwa liandikwe mwaka wa nne wa Yehoyakimu. Fungueni sura ya 25, mwaka ule ule wa nne, Yeremia anatangaza kwamba mataifa haya yatamtumikia mfalme wa Babeli miaka 70. Na Danieli je? Danieli 1 inasema alichukuliwa mateka wakati wa huyu huyu Yehoyakimu, akiwa kijana. Miaka inapita, Babeli inaanguka, Danieli ni mzee sasa, na sura ya 9 inamkuta anasoma vitabu, na anasema amefahamu kwa vitabu hesabu ya miaka ambayo neno la Bwana lilimjia Yeremia, miaka 70. Anasoma Yeremia! Kule kule uhamishoni, mbali na hekalu ambalo limeshabomolewa, mbali na ile nyumba ya wakati wa baridi ambayo haipo tena, yule kijana aliyechukuliwa mateka siku za mfalme mchoma gombo anasoma maneno ya nabii yule yule na anafunga na kuomba. Na Ezra 1 inaanza kwa kusema Koreshi mfalme wa Uajemi alitoa mbiu ili neno la Bwana kwa kinywa cha Yeremia litimie. Hicho ndicho ninachomaanisha nikisema Neno halibadiliki. Waliokuwa na mamlaka juu ya karatasi wote wameondoka na lililosemwa limetokea.

Sasa kuna vijana wananiuliza, na ni swali zuri wala msiwakemee wakiuliza, wanasema mtumishi, nakala za zamani ziliandikwa kwa mkono, watu wanakosea, utasemaje halijabadilika? Tuongee wazi. Waandishi walikosea, ndiyo. Hakuna sehemu tumeahidiwa kwamba mkono wa mwandishi hautateleza. Kuna herufi zimerukwa, kuna maneno yamerudiwa, na Biblia nyingi zenyewe zinakuambia pale chini ya ukurasa kwamba mwisho mrefu wa Marko, 16:9 mpaka 20, na ile habari ya mwanamke aliyefumaniwa kwenye Yohana 8 hazimo kwenye nakala za zamani zaidi. Hawajaficha kitu. Anayedhani imani yake inategemea kufichwa kwa hayo mambo amejenga mahali pabaya.

Lakini tazameni upande wa pili. Mwaka 1947 wachungaji wa mifugo wa kule karibu na Bahari ya Chumvi, Qumran, walikuta magombo kwenye mitungi ndani ya pango, na mojawapo lilikuwa Isaya, sura zote 66, ngozi zilizoshonwa pamoja zenye urefu wa zaidi ya mita 7, limeandikwa zaidi ya miaka 100 kabla Yesu hajazaliwa. Kabla ya hapo nakala kamili ya Agano la Kale kwa Kiebrania ya zamani zaidi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mwaka 1008 hivi baada ya Kristo. Kwa hiyo ghafla unaweza kuweka hizi mbili pembeni kwa pembeni, katikati yake kuna miaka elfu moja na zaidi ya watu kunakili kwa mkono, kwa taa ya mafuta, vita vinapita, falme zinapita, na wakasoma wakakuta ni Isaya yule yule. Zipo tofauti, nyingi ni za namna ya kuandika maneno, chache ni kubwa kidogo, lakini Mtumishi wa Bwana anayechubuliwa kwa maovu yetu yupo pale pale kwenye sura ya 53.

Na kuna sehemu moja kwenye gombo lile naipenda sana. Sura ya 40. Unajua pale majani yakauka ua lanyauka inatokea mara mbili, mstari wa 7 na wa 8, na yule mwandishi macho yake yakaruka kutoka ya kwanza kwenda ya pili, akaacha maneno ya katikati. Baadaye mkono mwingine, unaona kabisa ni mwandiko wa mtu tofauti, ukaja ukayajazia yaliyorukwa, kwa maandishi madogo juu ya mstari mpaka yakashuka pembeni. Yaani kosa limetokea kwenye mstari ule ule unaosema neno la Mungu wetu litasimama milele, na mtu akaliona na kulisahihisha! Mungu hakulilinda Neno lake kwa kulifungia kabatini. Alilinda kwa kulitawanya kwenye mikono mingi kiasi kwamba huyu akiruka yule anaona, na mfalme akichoma moja mia nyingine ziko kwa watu wengine.

Ndo maana waliojaribu kuchoma hawakuweza. Mwaka 303 kaisari wa Rumi, Diocletian, alitoa amri makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto, na wapo Wakristo waliokufa kwa kukataa kuyatoa. Miaka 10 baadaye, 313, Wakristo wakapewa uhuru wa kuabudu, na haikuchukua miaka mingi kaisari mwingine, Konstantino, akamwandikia askofu Eusebius atengeneze nakala 50 za Maandiko kwa gharama ya serikali. Serikali ile ile iliyochoma ndo ikalipia ngozi na wino.

Lakini mimi siogopi sana wachomaji. Mchomaji unamjua, amesimama mbele yako na moto. Ninayemwogopa ni mwenye kisu, kwa sababu anakata huku amekaa vizuri na anaweza kujiita rafiki wa Neno. Karne ya pili kulikuwa na mtu pale Rumi anaitwa Marcion, huyu alitupa Agano la Kale lote, akabaki na Luka aliyempunguza na barua 10 za Paulo, kanisa likamtenga, ilikuwa mwaka 144 hivi. Thomas Jefferson, yule rais wa tatu wa Marekani, alikata Injili kwa wembe kabisa, mwaka 1820 akamaliza, akabandika vipande alivyovipenda na kuacha miujiza, na kitabu chake kinaishia Yesu amezikwa, jiwe limevingirishwa mlangoni, basi. Hakuna asubuhi ya siku ya tatu. Fikiria mtu wa akili nyingi vile anakaa usiku anakata ufufuo.

Na kuna kisu kingine ambacho lazima nikitaje hata kama kinaumiza. Mwaka 1807 London kilichapwa kitabu kwa ajili ya watumwa Waafrika kwenye visiwa vya Karibea vilivyokuwa chini ya Waingereza, wakakiita sehemu teule za Biblia. Sehemu kubwa ya Agano la Kale haimo, na Agano Jipya karibu nusu haimo. Kutoka kwa wana wa Israeli Misri, wamekata. Wagalatia 3:28, hapana mtumwa wala huru, wamekata. Enyi watumwa watiini bwana zenu, hiyo wameiacha. Wapendwa, mtu akikwambia Biblia ndiyo iliyoleta utumwa muulize kwa upole, kama Biblia nzima ilikuwa inawafaa wenye watumwa kwa nini waliikata? Walijua kilichomo. Walijua ukimpa mtu kitabu cha Kutoka anaweza kukiamini. Na upande wa Marekani watumwa ambao wengi wao walikatazwa hata kujifunza kusoma walikuwa wanaimba habari za Musa na Farao, walizisikia, zikawafikia. Paulo aliandika akiwa amefungwa minyororo kwamba neno la Mungu halifungwi, 2 Timotheo 2:9, na pale ndipo unaona alichomaanisha.

Sasa tuje kwetu, tusikae sana kwa akina Jefferson tukajisikia salama. Sisi tuna kisu laini. Hatukati karatasi, tunaruka tu. Naanza na sisi tunaohubiri maana hukumu yetu ni kubwa zaidi, Yakobo 3:1. Ukichukua Yeremia 29:11, najua mawazo ninayowawazia ninyi, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, ukaiweka kwenye picha nzuri ya maua ukaposti stetasi, na mstari wa 10 hujausoma, umekata. Mstari wa 10 unasema ni baada ya miaka 70 kutimia Babeli! Ile ahadi iliandikiwa watu ambao wengi wao wangezikwa kwenye nchi ya ugeni, wakaambiwa jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto wenu, uombeeni amani mji wa adui zenu. Mawazo ya amani yapo kweli, ni ya kweli leo kama siku ile, ila yanakuja na uvumilivu wake, na anayempa mwenzake ahadi bila uvumilivu anamwandalia kuvunjika moyo mwezi ujao. Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu, tunaipenda, lakini Paulo pale juu yake anasema amejua kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Aliyoyaweza ni pamoja na njaa.

Na kisu hiki kinakata kule kunakotuuma. Mwenye mali anaruka Amosi, nabii anayekemea wanaowaonea maskini. Aliyemkasirikia ndugu yake anaruka Mathayo 18 ya kusamehe anafungua Zaburi za kuangamiza maadui. Vijana mnaruka habari za mwili kuwa hekalu, na sisi wazazi tunarukaruka ule wa akina baba msiwachokoze watoto wenu, tunasoma huo wa juu yake tu, watoto watiini wazazi wenu. Kila mmoja ana makaa yake mbele yake.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mbona hata nyie hamtoi sadaka za wanyama, mbona mnakula vyakula vilivyokatazwa kwenye Walawi, si mmekata pia? Hapana. Yesu alisema hakuja kutangua torati bali kuitimiliza, na barua kwa Waebrania inaeleza kwa kirefu kwamba zile sadaka zilikuwa kivuli cha dhabihu moja iliyotolewa mara moja tu. Deni likilipwa hati haifutwi kana kwamba halikuwepo, inabaki ikionyesha lilikuwa kiasi gani na nani amelipa. Ndo maana Walawi bado tunaisoma. Usiposoma damu yote ile utaelewaje msalaba ni ghali kiasi gani?

Nataka nikae kidogo hapa pa mwisho, na hapa naongea na mwenye kuumia. Kwa nini Biblia nzima, kwa nini tusibaki na zile sehemu tamu? Zaburi ya 88. Isomeni mkifika nyumbani. Mtu analia mchana na usiku, anasema nafsi yake imeshiba taabu, na zaburi nyingine zikianza na kilio huwa zinamaliza na sifa, hii haimalizi na sifa, inaishia gizani, hilo ndo neno la mwisho. Mimi ningekuwa mhariri, kwa akili ya kibinadamu, ningeongeza mstari mmoja wa matumaini pale. Karne na karne watu waliinakili na hakuna aliyethubutu kuipaka sukari, na kwa sababu hiyo leo mama aliyempoteza mtoto, ambaye kila anayemjia anamwambia jipe moyo Mungu ana makusudi, akifungua pale anakuta mwenzake, ndani ya Neno la Mungu, ameruhusiwa kulia mpaka mwisho bila kulazimishwa kutabasamu, na bado anayemlilia anamwita Bwana, Mungu wa wokovu wangu. Kisu kingeondoa hiyo kwanza kabisa.

Yesu mwenyewe alikwenda wapi saa ile mbaya? Jangwani, njaa ya siku 40, shetani anamjaribu mara tatu na mara tatu anajibu imeandikwa, na yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, kitabu ambacho wengi wetu hatujakifungua tangu mwaka uanze. Msalabani, Mungu wangu Mungu wangu mbona umeniacha, Zaburi 22. Mikononi mwako naiweka roho yangu, Zaburi 31. Huyu ni Mwana wa Mungu, angeweza kusema maneno mapya kabisa, akatumia yaliyoandikwa karne nyingi kabla, na yakambeba. Wewe unayesema Neno limepitwa na wakati, jiulize Yesu aliona nini ndani yake.

Na mnapoyasikia haya kutoka kwangu msiyapokee tu. Matendo 17:11, watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, Paulo mwenyewe, na bado kila siku waliyachunguza Maandiko kuona kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na Biblia inawasifu kwa hilo. Mhubiri anayechukia kuchunguzwa ameshajiweka juu ya Neno. Sisi sauti zetu zinabadilika, tunazeeka, tunakosea, wengine wanaanguka, na mnaumia kwa sababu mlikuwa mmeshikilia mtu. Shikeni kile ambacho mnaweza kunipimia mimi.

Kwa hiyo ninachoomba ni kitu kimoja cha kufanya. Acheni kwa muda kusoma mstari mmoja mmoja unaoletwa na simu asubuhi, hiyo ni nzuri ila haitoshi. Chukueni kitabu kizima, mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka. Tunaanza na Marko, ina sura 16, mtu akisoma kwa sauti kwa mwendo wa kawaida anamaliza chini ya masaa mawili, ni muda wa mechi moja na mapumziko yake. Someni kwa sauti nyumbani ili asiyejua kusoma na mzee ambaye macho yamechoka wasikie pia, na mkifika pale panapowachoma msiende haraka, wekeni alama. Wiki ijayo tuje na hizo alama, tutazungumza hizo kwanza kabla ya kitu kingine, na mwenye swali la leo nipo hapa mbele, tuombe kwanza alafu aje.